Sahihi ya Kumi na Nne

Kila asubuhi Thuraya huusukuma mlango wa duka lake kwa bega. Mlango umevimba tangu masika ya mwaka juzi. Fundi aliahidi kuja kuuranda. Hakuja. Thuraya alimpigia simu mara mbili, mara tatu, kisha akaacha kumngoja. Katika Mtaa wa Kisima Chumvi, hapo Kariakoo, hilo si jambo la ajabu. Watu wa mtaa huo wameacha kungoja mambo mengi.

Duka la Thuraya ni la mabuibui na mitandio. Wateja wake hutoka mbali: Lubumbashi, Moroni, Mbeya. Mume wake, Ubeid, huondoka alfajiri kwenda bandarini, ambako anashughulikia makontena ya watu. Kwa hiyo duka ni la Thuraya peke yake, na uchovu wa duka ni wake pia.

Nyuma ya duka ndipo wanapoishi. Chumba cha mwisho ni cha mama mkwe wake, Bi Nour. Bi Nour ana miaka themanini, na ana pumu. Chumba chake kina dirisha moja tu, nalo linatazama kichochoro. Kichochoro chenyewe ni chembamba, lakini kinapitisha upepo. Bi Nour huketi dirishani kutwa nzima na tasbihi yake mkononi. Daktari alisema, "Huyu mama apate hewa safi. Dawa ni msaada tu." Basi dirisha lile halifungwi, labda mvua inyeshe ya upande.

Sasa, kulikuwa na desturi moja hapo mtaani. Kila baada ya mkutano wa mtaa, mjumbe Marcelino alipita duka kwa duka na daftari la mahudhurio.

"Mama Anfal, za asubuhi?" Marcelino alimsalimu Thuraya siku moja.

"Nzuri, Marcelino. Umekuja na daftari lako?"

"Ndiyo hivyo. Jana tulikuwa na mkutano."

"Mmezungumza nini?"

"Aah, yale yale. Weka sahihi tu hapo, nisikucheleweshe na wateja."

Thuraya alikuwa anapima kitambaa cha mteja. Alishika kalamu kwa mkono wa kushoto, akachora sahihi yake, akarudi kwenye kitambaa. Hakusoma kitu. Marcelino akavuka barabara kwenda kwa Celina, muuza mabeseni na ndoo. Celina naye akasaini, huku anaongea na simu.

Tusiwe wepesi kuwalaumu. Zamani watu wa Kisima Chumvi walikuwa wanaenda mikutanoni. Miaka sita iliyopita walijaa mpaka wengine wakasimama nje. Wakaahidiwa mtaro wa maji machafu kabla ya masika. Masika yakafika, maji yakaingia madukani, mtaro haukuonekana. Mwaka uliofuata ikaja barua: kila mtu avunje baraza yake, barabara inapanuliwa. Watu wakavunja kwa nyundo zao wenyewe. Barabara haikupanuliwa. Ikaja barua nyingine kwamba mpango umebadilika. Hakuna aliyewaambia kwa nini, na hakuna aliyewarudishia baraza zao. Kisha ikaja habari ya gari la taka. Lilikuja wiki tatu, likapotea.

Ukidanganywa mara ya kwanza, unakasirika. Mara ya pili unacheka. Mara ya tatu, hata mkutanoni huendi. Unabaki dukani kwako, na daftari likija unasaini ili liondoke.

Ubeid alikuwa na swali lake moja kuhusu mikutano. "Kwani ukienda, utarudi na nini?" Thuraya hakuwahi kupata jibu.

*

Wiki mbili baadaye, Jumatatu, lori lilisimama kwenye mdomo wa kichochoro. Vijana wakaanza kushusha matofali. Thuraya alidhani ni jirani anajenga. Akatoka, akauliza.

"Samahani, kaka zangu. Mnajenga nini?"

"Kizimba, mama," fundi mmoja alijibu. "Cha kuwekea taka za mtaa mzima. Kitakaa hapa."

Alionyesha kwa kidole. Kidole chake kilielekea chini ya dirisha la Bi Nour. Bi Nour mwenyewe alikuwa pale dirishani, anasikia kila neno. Tasbihi ilikuwa imesimama mkononi mwake.

Damu ilimpanda Thuraya kichwani. Hakufunga hata duka. Alimwita Celina amwangalizie, akaenda moja kwa moja ofisi ya serikali ya mtaa. Humo alimkuta Filbert, mtendaji wa mtaa. Filbert ni mtu wa makamo, mwajiriwa wa serikali, aliyehamishiwa hapo miezi sita nyuma. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Mezani palijaa mafaili.

"Nani amewaruhusu kuweka jaa la taka dirishani kwangu?" Thuraya alisema. Hata salamu alisahau.

"Karibu ukae kwanza, mama."

"Sikai! Ndani kuna mgonjwa wa pumu. Mnataka kumuua? Mnajiamulia tu mambo, hamuulizi watu!"

Filbert hakupandisha sauti. Alivuta faili moja, akalifungua, akaligeuza upande wa Thuraya. Ulikuwa muhtasari wa mkutano, yaani maandishi ya yale yaliyozungumzwa na kukubaliwa. Thuraya alisoma polepole: *Wananchi wamekubali kizimba cha taka kijengwe katika kichochoro cha nyuma.* Chini yake palikuwa na orodha ya majina na sahihi.

Sahihi ya kumi na nne ilikuwa yake.

Aliitazama kwa muda mrefu. Herufi zilikuwa zimelala, kwa sababu aliziandika kwa mkono wa kushoto. Akakaa kwenye kile kiti alichokikataa.

"Mimi sikuwepo," alisema taratibu.

"Najua hukuwepo," Filbert alijibu. "Mkutanoni tulikuwa watu tisa. Humu kuna sahihi sitini na tatu."

"Sasa kama ulijua?"

Filbert alijifuta uso kwa kiganja. "Mama, nitakuambia ukweli. Mkutano wa watu tisa hauwezi kuamua jambo la mtaa mzima. Nilipofika hapa nilikuta daftari linatembezwa madukani. Wakaniambia ndiyo utaratibu wa hapa. Nikanyamaza. Sisi tulikosea kulitembeza. Na nyinyi mlikosea kulisaini."

Thuraya aliona aibu. Lakini chini ya aibu palikuwa na hasira ya zamani, na aliitoa.

"Nyinyi ndio mliotufanya tusije. Tulikuja tukaahidiwa mtaro. Uko wapi? Tulivunja baraza zetu. Barabara iko wapi?"

"Uko sahihi," Filbert alisema. "Lakini sikiliza. Ukikaa nyumbani kwa hasira, maamuzi hayakai nyumbani na wewe. Yanaendelea. Na ukisaini usichokisikia, yanaendelea kwa jina lako."

Nje, mtu alikuwa anatangaza bei ya soksi kwa kipaza sauti.

"Nifanye nini?" Thuraya aliuliza.

"Jambo lililopitishwa na mkutano hurekebishwa na mkutano. Andika barua ya kuomba mkutano wa dharura. Eleza kwamba waliosaini hawakuwepo, na kwamba kuna mgonjwa. Watu waunge mkono kwa majina yao. Leta nakala mbili. Moja nitabaki nayo, nyingine nitakugongea muhuri wa kupokelewa, ukae nayo. Barua isiyo na muhuri inaweza kupotea. Yenye muhuri, mtu atalazimika kuijibu."

"Na wale mafundi?"

"Nitazungumza na mwenyekiti wasimame wiki mbili. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi."

Thuraya alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa ofisi ile kumwambia kitu asichoweza.

*

Barua ilikuwa rahisi. Binti yake Anfal aliiandika kwa kompyuta jioni ile ile. Kazi ilikuwa majina.

"Mama Vicky, nisaidie kusaini," Thuraya alimwambia Celina. "Lakini safari hii soma kwanza."

Celina alisoma. Kisha akaiweka barua juu ya beseni.

"Mwenzangu, nikuambie kweli? Mimi kile kizimba nilikifurahia."

"Umekifurahia?"

"Taka za mtaa mzima ziko wapi sasa hivi? Si mlangoni kwangu? Miaka miwili nauza ndoo katikati ya maganda ya ndizi na vichwa vya samaki. Hukuwahi kuja kuniuliza napumuaje."

Maneno yale yalimchoma Thuraya, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Tarsis, mume wa Celina, alidakia kutoka ndani ya duka: "Mama Anfal, unajisumbua bure. Wataita, tutaenda, watasema, tutarudi. Mimi hiyo sinema nimeshaiona."

Thuraya hakubishana. Alisema tu, "Mama Vicky, njoo umsalimie Bibi. Dakika mbili."

Celina akaenda. Bi Nour alikuwa kitini pake, dirishani. Nje yake matofali yalikuwa yamepangwa mpaka usawa wa kiuno.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, Bibi."

Bi Nour alivuta pumzi kidogo kidogo kabla ya kusema tena. "Nilitaka kukuuliza, wewe unaona kazi za hawa mafundi kutoka huko barabarani. Hili dirisha nilifunge lini? Niambie siku, nianze kujizoeza."

Celina aliangalia matofali, akaangalia kile kifua kinachopanda na kushuka kwa shida.

"Bibi, na mimi taka zinaninukia mlangoni," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Najua, mwanangu. Harufu inafika mpaka hapa. Na hilo si haki."

Walipotoka, Celina alisimama ukumbini. "Hili jambo haliishi kwa kuhamisha uchafu kutoka kwangu kuuleta kwako," alisema. "Lete hiyo barua."

Siku nne walizunguka. Wengine walisaini. Wengine waliwafukuza kwa utani, na mmoja aliwauliza kama wanataka kugombea. Kilichowauma zaidi ni wale waliotaka kusaini bila kusoma. "Leteni tu nisaini, nina wateja." Thuraya alikuwa anarudisha karatasi kifuani. "Hapana, kaka. Soma kwanza. Sahihi yangu ilinitia matatani." Alirudi nyumbani na miguu iliyovimba. Hakuwa na matumaini makubwa. Alikuwa na majina arobaini na moja na barua yenye muhuri.

*

Mkutano uliitwa Jumapili, saa kumi alasiri, kwenye uwanja mdogo wa ofisi. Walikuja watu sabini na mmoja. Wengine walikuja kuangalia ugomvi tu, lakini walikuja.

Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Twaha, alifungua kwa maneno marefu ya maendeleo. Watu wakaanza kuangalia simu zao. Tarsis akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, mimi swali langu ni fupi. Mtaro uko wapi?"

"Mtaro uko kwenye mchakato," Mzee Twaha alijibu.

Minong'ono ikapita. Neno *mchakato* walilijua vizuri. Filbert, aliyekuwa anaandika muhtasari, akaweka kalamu chini.

"Mwenyekiti, naomba niseme," alisema. "Nimetafuta kwenye mipango ya halmashauri. Mtaro huu haumo mwaka huu. Na mwaka ule mlioahidiwa, haukuwemo pia. Uliombwa tu. Mkaambiwa umekubaliwa."

Mzee Twaha alitazama viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameubeba uongo ule miaka sita na alionekana amechoka nao.

"Kwa nini hamkutuambia?" Tarsis aliuliza.

"Tulihofia mtakasirika," Mzee Twaha alisema.

"Tulikasirika, Mzee wangu. Halafu tukachoka. Afadhali mngetuacha na hasira. Mwenye hasira bado anakuja kukugombeza. Aliyechoka haji tena."

Hapo ndipo mkutano ulipoanza hasa. Thuraya alisimama. Alieleza habari ya sahihi yake ya kumi na nne. Hakujificha. Alisema, "Niliikubali taka dirishani kwa mama yangu kwa mkono wangu mwenyewe, huku napima kitambaa." Watu hawakucheka. Wengi wao majina yao yalikuwa kwenye daftari lile lile.

Kisha Celina akatoa wazo. Taka zisikae popote, si kwake wala si kichochoroni. Kila mtu abaki na taka zake kwenye mfuko uliofungwa, azitoe gari likifika.

"Tulijaribu hilo," mtu alipaza sauti. "Gari halikuja!"

"Halikuja, na hakuna aliyetuambia kwa nini," Thuraya alijibu. "Ndiyo maana watu wakatupa ovyo. Mimi naomba jambo moja. Siku za gari ziandikwe kwenye ubao wa ofisi. Likija, iandikwe limekuja. Lisipokuja, iandikwe halikuja, na sababu yake, na siku litakapokuja. Hata kama ni aibu, iandikwe."

Filbert alimtazama mwenyekiti. Mzee Twaha alitikisa kichwa kukubali, polepole.

Wakapitisha mambo matatu. Kizimba kisijengwe kichochoroni. Gari la taka lipite Jumanne na Ijumaa, saa moja asubuhi. Na daftari la mahudhurio lisitoke tena nje ya mkutano: watu wasaini mwishoni, baada ya maamuzi kusomwa kwa sauti. Marcelino alicheka kidogo. "Mmenipumzisha miguu," alisema.

*

Jumanne ya kwanza gari lilikuja. Ijumaa lilikuja. Watu waliweka taka nje kwa wasiwasi, wakisimama karibu na mifuko yao, tayari kuirudisha ndani. Mlango wa Celina ulianza kuonekana tena. Alipanga ndoo zake za rangi pale palipokuwa na jaa. Matofali nayo yalitolewa kichochoroni, yakapangwa uwanjani mwa ofisi kuwa viti vya mkutano.

Ijumaa ya wiki ya nne, saa moja ilifika, gari hapana. Saa mbili, hapana. Mtaa mzima ulikuwa na mifuko mkononi.

"Si nilisema?" Tarsis alisema. "Ndiyo imeisha hiyo."

Thuraya alihisi ule uchovu wa zamani unamrudia, mzito, kuanzia mabegani. Mtu mmoja tayari alikuwa ametupa mfuko wake mbele ya duka la Celina. Thuraya akaenda ofisini bila kujua atasema nini. Hakuhitaji kusema. Ubaoni, kwa chaki, mwandiko wa Filbert ulisomeka: *Leo gari halikuja. Limeharibika. Tumeahidiwa kesho Jumamosi saa mbili. Lisipokuja nitaandika tena. Samahani. F.*

Alisoma mara mbili. Akarudi mtaani akawaambia. Yule aliyetupa mfuko alisitasita, kisha akauokota, akarudi nao ndani huku ananung'unika.

Jumamosi gari lilifika saa mbili na robo.

Hapo ndipo wengi walipoanza kuamini. Katika Jumanne na Ijumaa zote gari lilipokuja kwa wakati, hakuna aliyesema kitu. Lakini habari ya ile Ijumaa lilipokosekana, watu wakaambiwa ukweli na ukweli ukatimia, Tarsis aliwasimulia wateja wake wiki nzima.

Miezi miwili ikapita, mkutano wa kawaida ukafika. Thuraya alikuwa amechoka. Wateja wa Moroni walikuwa wamemkalisha dukani tangu asubuhi. Mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha. Ubeid, aliyekuwa amerudi mapema, alimwona anavaa buibui.

"Kwani ukienda, utarudi na nini?" alitania.

"Nikienda ndiyo nitajua," Thuraya alimjibu. "Na wewe chukua mwavuli, twende."

Ubeid akacheka, kisha akauchukua kweli. Kutoka dirishani kwake, Bi Nour aliwaona wakipita kichochoroni. "Msikilize mpaka mwisho," aliwaambia.

Safari hii walikuja watu arobaini na wanane, wakaketi juu ya matofali. Si wengi kama kwenye mkutano wa dharura. Mkutano ulikuwa mrefu, na habari ya mtaro haikuwa nzuri: ombi jipya limepelekwa, jibu halijaja. Mwishoni Filbert alisoma muhtasari kwa sauti. Alipofika kipengele cha tatu akasoma, "Wananchi wameridhika na huduma."

Thuraya akanyoosha mkono.

"Mtendaji, hapo futa. Hatujasema tumeridhika."

"Niandike nini, Mama Anfal?"

Thuraya alifikiri. Aliangalia matofali, mvua, nyuso za majirani zake waliochoka kama yeye. Alikumbuka jinsi alivyokuwa hangoji chochote kutoka kwa mtu yeyote wa ofisi ile.

"Andika: wananchi wanangoja."

Filbert akafuta, akaandika. Akasoma tena kwa sauti, watu wakaitikia. Ndipo daftari likapita kwenye matofali, mkono kwa mkono. Lilipomfikia, Thuraya alishika kalamu kwa mkono wa kulia, akaandika jina lake lote, herufi moja moja.